Mtu Mrefu Kupindukia Anahitaji Daktari, Si Watazamaji

Ikisambaa picha ya mtu mwenye urefu wa ajabu, maoni huwa yale yale: vicheko, na fulani wa kumshauri acheze mpira wa kikapu. Hunikera sana. Mara nyingi tunayemcheka ni mgonjwa.

Charles Byrne wa Ireland, mtu mrefu kupindukia, alionyeshwa kwa kiingilio jijini London mpaka alipofariki mwaka 1783, akiwa na miaka 22. Aliomba azikwe baharini ili wapasuaji wasimpate. Hawakumheshimu. Daktari John Hunter aliupata mwili wake kwa hila, na mifupa ikaanikwa kwenye makumbusho. Mwaka 1909 Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo, alilichunguza fuvu, akakuta shimo linalobeba tezi ya pituitari limetanuka. Sayansi ilinufaika, sikatai, lakini uamuzi wa kutoianika tena mifupa hiyo ulitangazwa 2023 tu, na hilo silioni kuwa elimu.

Tezi hiyo iko chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Uvimbe ukiota humo, na kwa kawaida si saratani, humwaga homoni ya ukuaji bila kiasi. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua hurefuka mfululizo. Mtu mzima harefuki tena. Yeye hupata akromegali. Pete haivuki kifundo cha kidole, viatu vinabana, taya linatokeza, meno yanaachana, anakoroma na kutoka jasho jingi. Yote hayo huja polepole mno, hata anaolala nao nyumba moja hawang'amui, na miaka inapita huku kisukari, shinikizo la damu na moyo kutanuka vikimnyemelea. Ndiyo maana daktari makini huomba picha za zamani.

Robert Wadlow wa Marekani alifikia mita 2.72. Alifariki mwaka 1940, naye akiwa na miaka 22, baada ya chuma cha kumsaidia kutembea kumchubua kifundo cha mguu na kidonda kupata maambukizi. Leo kuna upasuaji unaopitia puani, sindano za octreotide, dawa inayozuia homoni ya ukuaji, na mionzi. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye mita 2.51, aliacha kurefuka baada ya kutibiwa.

Basi mtoto akiwapita wenzake kwa kasi isiyo ya kawaida, au mtu mzima akibadilisha saizi ya viatu, tusiishie kusifu au kutania. Apimwe damu kuangalia IGF-1, kemikali ya mwili inayopanda homoni ya ukuaji ikizidi. Ikiwa juu, anyweshwe glukosi na homoni ya ukuaji yenyewe ipimwe: kwa mtu mzima asiye na ugonjwa huu hushuka, kwa mgonjwa haishuki inavyopaswa.