Waridi la kwenye picha halitaki maji ya Kigamboni

Miaka minne iliyopita nilinunua miche mitatu ya waridi kwa kijana anayepanga viriba vyake kando ya barabara. Kila mche ulikuwa na kadi iliyofungwa kwa uzi, na kwenye kadi picha ya ua jekundu, kubwa kama kikombe cha chai. "Dada, hili linatoa maua mwaka mzima. Wewe maji tu," akanihakikishia. Nikalipa bila hata kuomba punguzo, nikavuka nayo kwenye pantoni nimeikumbatia, watu wakinipisha kwa kuogopa miiba.

Shida ilianzia hapo hapo kwenye "wewe maji tu". Maji yangu ni ya kisima, na anayeishi Kigamboni anavijua visima vyetu: vingi ukionja, ulimi unakukumbusha bahari iko wapi. Mnazi hauna habari na hilo. Waridi chumvi haliiwezi kabisa. Ilipofika wiki ya sita majani yakaanza kukauka kwenye kingo, kuanzia nchani, yakawa kahawia. Nikasema ni kiu. Nikaongeza maji, yaani nikaongeza chumvi.

Joto la Januari likamaliza miwili. Wa tatu ulikauka juu, lakini chini, karibu na udongo, likatoka chipukizi nene la kijani. Nilivyofurahi! Nikaliwekea samadi, nikalipulizia dawa, nikalisimikia mti wa kuegemea. Likarefuka mpaka likanipita kimo, miiba tele, na ua hata moja halikutoa. Miezi minane. Siku moja bibi jirani akapita uani, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, huku anauangalia mmea wangu. "Hilo unalolilea silo ulilonunua. Mwenyewe alishakufa, huyo ni mbebaji wake."

Alisema kweli. Miche mingi ya waridi inayouzwa imebebeshwa, kama miembe na miparachichi: juu kuna ua zuri, chini kuna shina la waridi jingine, gumu, lenye mizizi ya nguvu. Pale vilipoungana pana nundu. Chipukizi likitoka juu ya nundu ni la kwako. Likitoka chini ya nundu, fukua udongo kidogo, ulinyofoe kwa mkono pale pale linapotokea. Ukilikata kwa mkasi linarudi, tena na wenzake. Mimi nililipa samadi ya miezi minane kujifunza hilo.

Yule kijana simlaumu sana. Ua la kwenye kadi lipo kweli, ila nyumbani kwake si hapa. Mashamba makubwa ya waridi ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku watu wanajifunika blanketi. Na mawaridi yale yalichaguliwa kwa kazi maalumu: shina refu lililonyooka, ua linalovumilia kupakiwa kwenye ndege hadi Uholanzi na bado likasimama kwenye chombo siku kadhaa. Harufu haikuwa kwenye orodha, ndiyo maana mengi ukiyanusa unanusa majani mabichi. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kuna kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza harufu ya waridi, na kwamba kwenye mawaridi yasiyonukia kimefifia. Kwa hiyo si pua yako.

Hata waridi la marashi, ambalo sisi watu wa pwani tunadhani ni letu, linataka baridi. Marashi ya Oman, yale tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi, yanatokana na mawaridi ya Jabal Akhdar, mashamba ya ngazi milimani, karibu mita 2,000. Yanachanua mara moja tu kwa mwaka, Aprili na Mei, baada ya kupata baridi yake. Kuna ndugu yangu aliyetaka kuniletea mche kutoka huko. Nikamwambia alete chupa ya marashi, mche auache uliko.

Basi upande nini? Msimamo wangu, na najua wenye bustani za kupigia picha watanipinga: hapa pwani panda lile waridi la zamani la rangi ya pinki ambalo halina jina wala kadi. Liko kwenye nyua za akina bibi. Ua lake ni dogo, linapukutika siku ya pili, na kwenye chombo halifai hata kidogo. Lakini linanukia mpaka barazani, na petali zake ndizo zinazochanganywa na asumini na rehani. Halafu limesimama kwenye mizizi yake lenyewe, halikubebeshwa, hivyo chochote kitakachochipua chini ni waridi lile lile. Huwezi kudanganywa miezi minane.

Langu alinikatia bibi jirani. Vijiti vitano vya unene wa penseli, urefu kama shubiri, vilivyotoka kwenye tawi lililokwisha kutoa maua. Tukapukutisha majani ya chini, tukaacha mawili juu, tukachomeka kwenye viriba vya mchanga na mboji, tukaviweka kivulini. Ilikuwa Juni, masika yamekwisha na upepo wa kusi unapoza. Vitatu vilishika. (Zile video za kuchomeka shina la waridi kwenye kiazi mviringo achana nazo. Nilijaribu na mashina ya maua ya harusi. Kiazi kilioza, sisimizi wakafanya sherehe, shina likawa kijiti cha kuni.)

Maji nayo yana dawa yake. Msimu wa mvua nakinga ya bati kwenye tangi. Kiangazi natumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi: ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, chumvi hayana. Nimeweka ndoo chini ya bomba lake nje ya dirisha la chumbani, na kwa unyevunyevu wa Dar asubuhi naikuta imejaa. Namwagia shinani, polepole, mara mbili tatu kwa wiki, maji yashuke chini. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni juu ya majani ni kuyaalika madoa meusi, ule ukungu ambao masika huangusha majani yote kama mmea umenyonyolewa. Majani yaliyoanguka nayaokota nayachoma, na miche nimeipa nafasi upepo upite.

Vidukari nawaminya kwa vidole. Sumu ya kila wiki siitaki.

Kupogoa ndiko kunakotutia hofu wengi. Vitabu vya Uingereza vinasema pogoa mwishoni mwa baridi waridi likiwa limelala. Letu halilali, kwa hiyo lazima ulilazimishe kupumzika. Mimi nakata Juni mwanzoni: matawi makavu yote, yanayosuguana, halafu theluthi ya kilichobaki, kila mkato ukiwa juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapoanzia, linaloangalia nje ili katikati pasizibe. Mwaka wa kwanza nilikata huku moyo unaniuma. Mume wangu alitoka, akaviangalia visiki, akauliza nimegombana nini na lile ua. Kabla Agosti haijaisha, harufu ilikuwa imeingia mpaka jikoni.

Ile kadi bado ninayo. Rangi nyekundu imepaukia juani, sasa ua lake limekuwa la pinki. Anayetaka vijiti vya lile lisilo na kadi aje Juni nikipogoa, aje na viriba vyake.