Kompyuta ya Sinza, uraia wa Nairobi

Yaani kompyuta ya steshenari yetu iko hapa Sinza, Dar, umeme wake tunanunua sisi, vumbi lake la barabara ya hapa hapa, lakini ukibonyeza ile saa pale chini kulia inakwambia Nairobi. Dar haipo kabisa. Nimeshuka na ile orodha mpaka kidole kikachoka, Baghdad ipo, Kuwait ipo, Moscow ipo, wote hao wako masaa matatu mbele ya Greenwich kama sisi, ila wewe wa Dar ukitaka saa lazima upite kwa watani. Nikasema poa, kwani Nairobi na Dar tunapishana hata dakika? Nikaenda kwenye lugha niweke Kiswahili, si unajua steshenari inapokea watu wa kila aina, nikakuta kilichopo ni Kiswahili cha Kenya. Windows 7 yetu hii haina kingine. Basi, kompyuta imeshakuwa Mkenya, imebaki kuniita buda tu.

Ila hata huo Ukenya ningevumilia. Kinachoniudhi mimi ni saa. Umeiwekea Kiswahili, inaandika vizuri kabisa Jumatatu, Aprili, unafurahi, af pembeni yake 07:00. Saba ya wapi bana? Hapa kwetu jua mwaka mzima linachomoza pale pale kwenye kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja, hata mtoto wa chekechea anajua. Na Nairobi nako Waswahili wanahesabu hivi hivi, kwa hiyo sijui hicho Kiswahili walienda kumuuliza nani.

Juzi kaja mzee mmoja kuchapisha barua ya mirathi, kakaa vizuri kwenye benchi, kavaa miwani, kainamia skrini kuangalia jina lake kama limekaa sawa, jicho likadondokea kule chini 8:10. Mzee kanyanyuka, fimbo hiyo. Anasema mwanangu kumbe saa nane na dakika kumi, swala ya jamaa ya adhuhuri imenipita hivi hivi kwa ajili ya karatasi? Namwambia mzee kaa, ni saa mbili asubuhi, anasema mbona imeandika nane. Sasa hapo unamweleza nini, na nje hata muuza vitumbua hajamaliza beseni.

Na tiketi za basi ndo usiseme. Mfumo wa kukatia unaongea Kiingereza, karani anafikiri Kiswahili, basi la kumi na mbili asubuhi linaandikwa 12:00 AM. Kwa kompyuta hiyo ni saa sita usiku, tena usiku wa kuamkia siku yenyewe. Zamani ungecheka tu ukasema hakuna basi la usiku, lakini tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kwa hiyo huna pa kushika, shemeji yangu kaenda stendi ya Mbezi na mabegi na watoto usiku wa manane, kalala kwenye kiti mpaka kumi na mbili basi lilipowasha injini. Bibi yake kabla hawajatoka aliiona ile tiketi akasema hiyo ni asubuhi, wakamwambia bibi mambo ya mtandao huyajui.

Kompyuta ya pili sasa, ile ya mtumba ya Kariakoo. Hii ni Mmarekani. Imekuja na mipangilio ya huko huko, mwezi unatangulia, siku inafuata. Akaja mama mmoja mwekahazina wa kikoba na daftari lake la marejesho tumwekee kwenye Excel. Ukiandika 13/5 inakaa kushoto imenuna kama maandishi ya kawaida maana haijui mwezi wa kumi na tatu, ukiandika 7/4 inakimbilia kulia kwa furaha inakwambia hiyo ni tarehe nne Julai! Yaani Karume Day yetu ya Aprili saba inageuzwa sikukuu ya uhuru wa Marekani. Uhuru wetu wenyewe, 9/12, unapelekwa Septemba. Zilizopona ni Sabasaba na Nanenane tu, hizo hata uzigeuze vipi zinabaki zile zile, waliozichagua waliona mbali. Yule mama ukipanga marejesho kwa tarehe, watu wa Aprili wanaonekana hawajalipa mpaka katikati ya mwaka, na kikoba cha kina mama ukikigusa kwenye hela, utahama mtaa.

Dogo wa IT anayekuja kutusaidia akanifundisha kwamba humo ndani hakuna hata tarehe. Excel inahesabu siku tu tangu Januari 1900, moja, mbili, tatu, mpaka leo zimepita elfu arobaini na kitu, haya tunayoyaona sisi ni kanzu tu, ukibadilisha nchi unabadilisha kanzu. Nikamwambia kama ni kanzu basi nishonee ya kwangu. Dogo kafikiria, kacheka peke yake, kaenda kwenye ile kompyuta ya kwanza, Mkenya, akabadilisha majira akaweka Buenos Aires.

Argentina! Kule wako nyuma yetu masaa sita kamili. Saa moja asubuhi ya Sinza kompyuta ikaandika 1:00. Saa nne, 4:00. Halafu akaingia sehemu ya mipangilio ya ziada, kumbe ile AM na PM unaweza kufuta ukaandika unachotaka, akaandika mchana na usiku. Aisee nilitaka kulia. Tarehe ilikuwa inageuka saa kumi na mbili alfajiri, kunapokucha, kama binadamu. Wazee wakawa wanakuja kusoma saa bure.

Tatizo ukimjibu mtu imeili, pale inaponukuu ujumbe wake inaweka saa ya Buenos Aires. Dada wa ofisi moja Masaki kaona ujumbe wake wa saa nne asubuhi umeandikwa 4:10, kapiga simu kwa bosi, anasema saa kumi alfajiri mimi nilikuwa nimelala, nani anatumia imeili yangu? Bosi kaja mbio, kabonyeza ile saa, kasoma Buenos Aires, katuangalia mmoja mmoja akauliza kompyuta mmemuuzia nani. Akairudisha Nairobi kwa mkono wake mwenyewe, kasema asiiguse mtu, kaondoka.

Majira karudisha. Yale maneno ya mchana na usiku hakuyagusa, na neno la siri la kubadilishia mipangilio kalibadilisha. Kwa hiyo sasaivi navyoandika jua la Sinza linachoma mabati, feni inapuliza joto, kompyuta imeandika 2:30 usiku, na mteja aliyekaa mbele yangu ananiuliza bei ya usiku ya kutoa kopi ni hii hii au mnaongeza.