Kilichofungwa Ukraine Kilikuwa cha Kupewa

Tangu Machi 2025 kuna hoja inayorudiwa sana hapa Kisumu na watu wa ramani, wa kilimo na wa mipango ya kaunti. Mwezi huo Ukraine, ikiwa katikati ya vita, ilijikuta imefungiwa picha za setilaiti za kampuni ya Marekani ya Maxar. Waliosoma habari hiyo walifikia uamuzi upesi. Ikiwa nchi iliyo vitani inaweza kufanyiwa hivyo, Siaya na Vihiga ni nani? Basi kaunti zisitumie hata shilingi moja kununua picha za kampuni binafsi. Zibaki na picha za setilaiti za Landsat za Marekani na Sentinel za Ulaya, ambazo ni za bure na ziko wazi kwa kila mtu.

Ni hoja yenye uzito, na wanaoitoa wanaijua kazi yao. Lakini naamini wameusoma mkasa wenyewe kinyumenyume.

Akaunti zilizofungwa zilikuwa ndani ya GEGD, mfumo ambao serikali ya Marekani inaulipia Maxar kisha inawagawia washirika wake. Aliyetia saini mkataba ni Marekani, na aliyelipa ni Marekani. Maxar ilieleza kuwa uamuzi wa kusimamisha akaunti za Ukraine katika mfumo huo ulikuwa wa serikali hiyo. Kwa hiyo kilichokatika ni msaada. Mkono uliokuwa ukitoa ulikunjwa, na aliyezoea kupokea hakuwa na karatasi ya kumdai mtu.

Miezi miwili kabla ya hapo kulitokea jambo linalofanana na hilo, na halikuzungumzwa sana. Tangu 2020 Norway ilikuwa imeilipa kampuni nyingine, Planet, pamoja na washirika wake, ili picha za eneo zima la tropiki, Kenya ikiwemo, zitolewe bure kwa ajili ya kulinda misitu. Wanafunzi, mashirika na maafisa wa misitu wakazizoea. Januari 2025 mpango huo ukafika mwisho. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mfadhili alimaliza alichoahidi. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja utaona kwamba katika yote mawili kilichokatika ni kile cha kupewa.

Mtu atasema Sentinel na Landsat haziko hivyo, na ni kweli. Ziko wazi kwa sera iliyotangazwa, si kwa hisani ya mwaka hadi mwaka. Landsat zimefunguliwa tangu 2008, na Sentinel tangu zilipoanza kurushwa 2014. Mafuriko yakija Nyando au Budalang'i, rada ya Sentinel-1 inaona maji kupitia mawingu, jambo ambalo kamera yoyote ya kawaida, iwe ya bei gani, haiwezi. Kwa kazi hiyo, na kwa kufuatilia magugu maji yanavyosukumwa na upepo huku na huku katika Ghuba ya Winam, sioni sababu ya kununua chochote.

Tatizo linaanza tunapoingia shambani.

Chukua robo eka, kipimo ambacho kila mtu wa magharibi anakijua. Ni takriban mita za mraba 1,012. Pikseli moja ya Landsat, yaani doa dogo kabisa linalounda picha, ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, kwa hiyo shamba zima linakuwa doa moja na kipande. Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, na hapo ndipo watu wanapopumua: pikseli kumi! Lakini kumi hizo ni za kwenye kikokotoo. Shamba halilali sambamba na gridi ya setilaiti. Hata likiwa mraba kamili, upande wake ni mita 32 hivi, na mara nyingi pikseli zinazokaa nzima ndani yake ni nne tu. Zilizobaki ni za mpakani: nusu mahindi yako, nusu nyasi za napier za jirani, na kona ya paa la mabati. Tena mkanda mwekundu wa pembezoni (red edge), yaani sehemu ya mwanga iliyo ukingoni mwa nyekundu, ule unaopendwa kwa kupima afya ya mmea, kwenye Sentinel-2 una pikseli za mita 20. Hapo robo eka yako ni pikseli mbili na nusu.

Na mashamba ya Vihiga si mraba. Ni vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka barabarani juu ya kilima hadi kwenye kijito, vilivyogawanywa kwa urefu baba hadi mwana. Kipande cha mita 15 kwa upana kinaweza kukosa hata pikseli moja iliyo yake peke yake. Ndani yake kuna mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, migomba karibu na nyumba, mikaratusi michache chini kwenye unyevu. Setilaiti ya bure inayachukua yote hayo, inayapiga wastani, na kurudisha rangi ya kijani isiyo ya mmea wowote. Sensa ya 2019 iliipa Vihiga zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Ndiyo maana takwimu za mavuno zinazotolewa kwa picha hizi zinaweza kuwa nzuri kwa wilaya nzima ya ngano huko Ulaya, na zisimwambie afisa wa ugani wa Sabatia chochote kuhusu boma analokwenda kulitembelea.

Sasa weka WorldView-3, setilaiti ya kampuni hii tunayoijadili, Maxar, iliyorushwa Agosti 2014. Picha yake isiyo ya rangi ina pikseli ya sentimita 31: robo eka inapata zaidi ya elfu kumi. Mikanda yake ya rangi ni mita 1.24, na bado unapata zaidi ya 650. Mpaka unaonekana. Mstari wa napier unaonekana. Au nenda Usenge, kwenye vizimba vya samaki ziwani. Kizimba kidogo cha mita mbili kwa mbili kinaingia mara 25 ndani ya pikseli moja ya Sentinel-2. Kwenye picha ya WorldView-3 unakihesabu kimoja kimoja. Serikali ya kaunti inayotaka kujua vizimba vingapi viko kwenye maji yake, na vimesogea wapi, haiwezi kuipuuza tofauti hiyo.

Picha hizi hazikuja kwa urahisi. Kampuni ilianza Januari 1992 ikiitwa WorldView Imaging, mwaka uleule sheria ya Marekani ilipowafungulia watu binafsi mlango wa kupiga picha dunia kutoka angani. Mwasisi wake, Walter Scott, alitoka maabara ya Lawrence Livermore. Leseni ilipatikana 1993. Mwaka 1995 ikaungana na kitengo cha Ball Aerospace na kuitwa EarthWatch. Tarehe 24 Desemba 1997 ilirusha EarlyBird 1 kutoka Urusi, na baada ya siku nne setilaiti ikanyamaza. Novemba 2000 ikarusha QuickBird 1, nayo haikukaa hata kwenye mzingo wake, yaani njia yake ya kuizunguka dunia. Mbili zimekwenda, na haijauza picha hata moja kutoka setilaiti yake yenyewe. Oktoba 2001 ikarusha QuickBird 2, ikiwa imeishusha kidogo kwenye mzingo wa chini zaidi ili picha zifikie ukali wa sentimita 61. Hiyo ikafanya kazi kwa zaidi ya miaka 13. Hasara za kujifunza zilibebwa na wenye hisa, wakopeshaji na kampuni za bima. Hakuna mkulima wa Emuhaya aliyekatwa kodi kwa ajili ya EarlyBird.

Baadaye ikaitwa DigitalGlobe, na hapa upande wa pili una ushahidi mzuri. Iliyoiweka hai ni serikali ya Marekani: mkataba wa NextView wa 2003, kisha EnhancedView wa 2010 uliokuwa wa mabilioni ya dola kwake na kwa mshindani wake, GeoEye. Washington ilipokata bajeti 2012, soko halikutosha tena kampuni mbili, na Januari 2013 DigitalGlobe ikaimeza GeoEye. Oktoba 2017 kampuni ya MDA ya Kanada ikainunua DigitalGlobe, na muungano huo ndio ukaitwa Maxar. Januari 2019 setilaiti yake ya WorldView-4 ikaharibika angani ikiwa na miaka miwili tu. Mwaka 2023 kampuni ya uwekezaji ya Advent ikanunua Maxar yote kwa dola bilioni 6.4 na kuiondoa kwenye soko la hisa. Setilaiti zake sita mpya, ziitwazo Legion, zikafuata 2024 na 2025. Oktoba 2025 jina la Maxar likatoweka: upande wa picha ukawa Vantor, upande wa kuunda setilaiti ukawa Lanteris.

Wapinzani wakiisoma historia hii wanaona mtoto wa jeshi la Marekani. Siwezi kuwakatalia. Wana hata mfano mkali kuliko wa Ukraine. Mwishoni mwa 2001, vita vya Afghanistan vilipoanza, serikali ya Marekani ilinunua haki ya kipekee ya picha za setilaiti ya IKONOS za nchi hiyo kwa miezi miwili. IKONOS ilikuwa ya kampuni nyingine, Space Imaging, ambayo baadaye iliingia ndani ya GeoEye. Vyombo vya habari na mashirika ya misaada yakakosa picha hizo kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mwenye mfuko mrefu zaidi. Leseni zenyewe zinairuhusu serikali hiyo kuzuia upigaji picha kwa sababu za usalama. Tena Landsat ilipokabidhiwa kwa biashara miaka ya 1980, bei ya picha moja ilipanda kupita dola 4,000 na watafiti wengi wakaikimbia. Haya yote ni kweli, na anayetaka kununua aende akiyajua.

Bei nayo inauma. Picha za hifadhi, yaani zilizokwisha kupigwa na kuwekwa akiba, kwa kawaida huuzwa kuanzia kilomita 25 za mraba, hata kama unachotaka ni kijiji kimoja. Mkulima hawezi, wala wadi haiwezi. Kaunti moja ikijikaza itanunua mara moja, iwekwe kwenye kompyuta ya afisa mmoja, na afisa akihamishwa picha zihame naye.

Lakini hizo ni sababu za kununua kwa akili, na historia yenyewe inaonyesha namna. Kampuni hii imekuwa ikimfuata anayelipa na kutia saini. Iliungana na mshindani kwa sababu mteja alipunguza bajeti. Iliuzwa na kubadili majina, na kwa kila mmiliki mpya mikataba mikubwa ndiyo iliyokuwa mali yenyewe inayonunuliwa. Mwenye mkataba husikilizwa. Magharibi ya Kenya inao Muungano wa Kiuchumi wa Kaunti za Eneo la Ziwa, wenye kaunti 14, kutoka Migori hadi Trans Nzoia. Ununuzi wa pamoja, mara moja kila msimu wa masika kwa maeneo yenye mashamba madogo na kando ya ziwa, ni agizo ambalo muuzaji yeyote atakaa mezani kulijadili. Na si lazima muuzaji awe mmoja: Planet na Airbus ya Ulaya ziko sokoni.

Ninachokipigania kiko kwenye vifungu vya mkataba. Kwanza, picha zipakuliwe na kuhifadhiwa kwenye mashine zetu hapa, si kutazamwa kupitia akaunti inayoweza kufungwa usiku. Faili iliyo Kisumu haifungwi kutoka Washington. Pili, leseni iruhusu kaunti zote 14, vyuo vikuu na vyama vya ushirika kuzitumia bila kulipa upya. Tatu, kwa kuwa kampuni hii imetumia majina matano tangu 1992, mkataba umbane yeyote atakayeirithi, kwa jina lolote atakalojiita, na utaje fidia iwapo picha iliyoagizwa haitatolewa kwa amri ya serikali yake. Kifungu hicho cha fidia ndicho kitakachokuwa kigumu kukipata, na ndicho wanasheria wa kaunti wanachopaswa kuanza nacho.