Uingereza Hakuna Mafuta ya Kupima

Mwishoni mwa Agosti 2024 tulirudi Leicester kutoka Tanga, mimi na wanangu wawili, baada ya kumaliza likizo yote ya shule, wiki sita. Tumefika saa tatu usiku, mabegi yamejaa dagaa na ubuyu. Nabonyeza swichi, giza. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimechomoa kila kitu ukutani, friji nimeliacha tupu mlango wazi, na kwenye mita ya umeme nimebakisha paundi 5. Nikamwachia mkubwa tochi ya simu, nikakimbia duka la kona kabla halijafungwa, nikatia paundi 20 kwenye ufunguo wa umeme. Nikarudi, nikauchomeka kwenye mita. Sifuri. Paundi 20 zote zimemezwa, na bado ninadaiwa peni 20.

Ndugu zangu, katika nyumba ile hakuna aliyewasha hata taa ya choo kwa siku 42. Lakini huku kuna tozo ya kila siku ya kuwa tu umeunganishwa. Mwaka ule ilikuwa kama peni 60 kwa siku kwa umeme na peni 31 kwa gesi, uwashe usiwashe. Peni 60 mara siku 42 ni zaidi ya paundi 25. Paundi zangu 5 ziliisha mapema, zilizobaki zikaandikwa deni. Ilinibidi nirudi dukani mara ya pili, nitie kumi nyingine, ndipo watoto wakaona mwanga.

Usiku ule nilimkumbuka mama. Nyumbani kwake Ngamiani umeme ukiisha anamtuma mtoto anunue LUKU ya 2,000, unaingia wa 2,000, unatumika mpaka uishe. Najua tangu 2021 LUKU nayo inakatwa kodi ya jengo, na mama huilalamikia kila mwezi. Lakini akisafiri kwenda Muheza kwa dada yake, akirudi anakuta yuniti zake pale pale alipoziacha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwa miaka tisa nilikuwa nakihisi bila kuwa na maneno yake. Kinachotuvunja mgongo Uingereza si bei peke yake. Ni kwamba maisha ya huku hayauzwi kwa kupima.

Nimekulia kwenye kupima. Duka la Mpemba mtaani kwetu lilikuwa na pipa la mafuta ya kula na kikombe cha bati. Unakwenda na chupa yako, unasema kipimo kimoja. Sukari robo. Unga nusu. Sabuni kipande. Mkaa wa kopo, nyanya fungu, dagaa fungu. Siku mfuko ukiwa mzito unanunua kilo, siku ukiwa mwepesi unapunguza mpaka kwenye kikombe, na siku hauna kitu unasema "niandikie", Mpemba anafungua daftari. Shida inakuja imekatwakatwa, unaimeza kidogo kidogo.

Huku kodi ya nyumba ni nzima. Yangu ilikuwa paundi 650 nilipoanza, sasa ni 875, na siwezi kumwambia mwenye nyumba nipimie ya wiki mbili. Kodi ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, inalipwa mafungu kumi, Aprili mpaka Januari, na kila Aprili inapanda. Februari na Machi ndiyo miezi tunayovuta pumzi na kuwanunulia watoto viatu. Tozo ya umeme ni nzima. Tiketi ya basi ninalopanda ni nzima, ukipanda vituo viwili au ishirini. Mtu anayepata mshahara wa kima cha chini hana pa kupunguza isipokuwa sehemu mbili: tumbo, na joto la nyumba.

Wengi mlisikia juu juu jinsi tulivyofika hapa. Gesi ilianza kupanda mwaka 2021, kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine na bei zikaruka. Kikomo cha bei anachopanga msimamizi wa nishati, Ofgem, kilikuwa sawa na bili ya paundi 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida majira ya baridi ya 2021. Cha Oktoba 2022 kikatangazwa 3,549. Serikali ikaingilia, ikakishikilia kwenye 2,500, na kila nyumba ikapewa paundi 400 kwa awamu sita. Mwezi huo huo wa Oktoba mfumuko wa bei ukafika asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41. Machi 2023 vyakula peke yake vilikuwa vimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja.

Zile paundi 400 nazo zina hadithi yake. Wanaolipa kwa benki walikatiwa moja kwa moja kwenye bili. Sisi tuliokuwa na mita za zamani za kulipia kabla, ambao ndio tuliobanwa zaidi, tulitumiwa vocha kwa posta: paundi 66, baadaye 67, na ukichelewa zinakwisha muda. Dada mmoja Mkongomani ninayefanya naye kazi alitupa mbili za kwanza. Bahasha iliandikwa Kiingereza cha kampuni, akadhani ni tangazo. Alipoijua ya tatu ilikuwa Desemba, na mtoto wake mchanga alikuwa akilala na kofia na soksi mbili mbili. Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo bado ninayo. Msaada ulikuwapo, lakini ulipelekwa kwa njia ambayo mhitaji mwenyewe ndiye angeukosa kwa urahisi.

Sasa nawasikia watu, wa huku na wa nyumbani, wakisema mambo yametulia. Ni kweli, Mei 2024 mfumuko ulirudi asilimia 2. Lakini mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni bei kuendelea kupanda kutoka pale ilipofika, ila taratibu. Chupa ya mafuta iliyopanda mwaka 2022 haikurudi chini. Kima cha chini cha mshahara kimepanda pia, kutoka paundi 9.50 kwa saa Aprili 2022 mpaka 12.21 Aprili 2025, na mtu aliye mbali akiona tarakimu hizo anasema mmeongezewa. Tumeongezewa, ndiyo. Nyongeza yangu imepita mkononi ikaenda kwa mwenye nyumba na kwenye mita.

Sisemi Tanga ni raha. Mwaka ule ule wa 2022 petroli Tanzania ilipita shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, na mafuta ya kula yalikuwa hayashikiki. Kenya pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Mama ananiambia jirani yetu mmoja alikuwa akipika mara moja kwa siku, jioni, ili watoto walale wameshiba. Na mwenye kununua kwa kipimo hulipa ghali zaidi kuliko anayenunua dumu zima, hilo kila mtu wa mtaani analijua. Nami lazima niseme haki ya nchi hii: mwanangu wa pili alilazwa siku nne kwa pumu, akawekewa oksijeni, akapewa dawa, na sikutoa hata peni. Mama akiumwa Tanga, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni pesa.

Kwa hiyo sishindanishi nchi na nchi. Nazungumzia sisi tunaoishi kwa mshahara wa huku, ilhali tunahesabiwa kwa macho ya nyumbani.

Wifi yangu aliniandikia Januari: "Wifi, paundi 100 kwako si kitu, shule inafungua Jumatatu." Hakuniandikia kwa ubaya. Anajua paundi moja inapita shilingi 3,000, anazidisha, anaona laki tatu na ushee. Asichokiona ni kwamba paundi 100 ni kama saa nane za kugeuza wazee kitandani usiku, kabla ya makato. Na kosa ni letu. Sisi ndio tuliotuma picha tumevaa makoti mazuri kwenye theluji, hatukutuma picha ya mita. Tulitaka mama asiwe na wasiwasi, tukajikuta tumejenga uongo ambao sasa tunaulipia kila mwisho wa mwezi, wengine kwa mikopo.

Ninaowahurumia zaidi ni waliokuja 2022 na 2023 kwa viza za kulea wazee. Wengi waliuza kiwanja kuwalipa mawakala, wakatua katikati ya baridi na bei zile. Viza zao haziruhusu posho za serikali, wanaogopa hata kuuliza. Naomba mlisikie hili vizuri na mwambiane: benki ya chakula si posho ya serikali. Ni sadaka ya watu, makanisa na jumuiya, na kwenda kuchukua mfuko wa chakula hakuvunji sharti la viza yako. Nyingi zinataka barua au vocha kutoka kwa daktari, shule au ofisi ya ushauri, omba, hutapigwa. Na mtoto aliye kwenye madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya serikali England anapewa chakula cha mchana bure, awe mtoto wa yeyote. Nimekutana na mama aliyekuwa akimfungia mwanawe mkate kila asubuhi, kwa mwaka mzima, kwa kutojua.

Sisi hapa tumeamua kurudisha kupima. Ilianza nyumba tatu, sasa ni saba: Watanzania, Wakenya wawili, na yule dada Mkongomani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunachanga, tunanunua magunia ya mchele ya kilo 20, dumu la mafuta la lita 20, maharage, unga, na ikiwezekana mbuzi mzima kutoka kwa muuza nyama halali. Vinaletwa jikoni kwangu. Mtu analeta chupa zake za soda alizoziosha, ananiambia mwezi huu nipimie lita mbili tu, au mwezi huu nipimie nne. Asiye na pesa ya kutosha anaandikwa. Daftari ninalo mimi, la jalada jekundu, kama lile la Mpemba, na katika miezi kumi na nne hajatoroka mtu na deni.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu ya video wakati tunapima. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshamweleza yote: bili, tozo, mshahara. Tulizungumza saa nzima na alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea. Sasa natuma kidogo kuliko zamani, lakini natuma tarehe 3 bila kukosa, naye anapanga mambo yake akijua kiasi. Safari hii, kwenye simu, mama akaangalia funeli, akaangalia chupa zimepangwa sakafuni. Akamwona mmoja wetu anamimina mkono ukitetemeka.

"Mwambie ainamishe dumu taratibu," mama akasema, "anamwaga."