Faili dogo halitoshi: picha inavyoilemea simu

Mjadala wa picha za kwenye simu siku hizi huishia kwenye ukubwa wa faili. Wanaoutetea muundo wa AVIF, uliotoka mwaka 2019, wana hoja nzito: kwa ubora uleule, mara nyingi faili lake huwa karibu nusu ya JPEG, muundo wa mwaka 1992. Kwa mtu anayenunua bando la siku, nusu hiyo ni hela. Na pale mtandao unaposhuka hadi 2G, kila kilobaiti inayopungua inafupisha kusubiri. Hilo halina ubishi.

Ila wanaotukumbusha gharama ya kuifungua picha huchukuliwa kama watu waliopitwa na wakati, na hapo hawatendewi haki. Kinachoonekana kwenye kioo ni pikseli, yaani nukta ndogondogo za rangi. Kabla ya kuzichora, simu lazima ilifumue faili lote liwe pikseli tupu ndani ya memori ya kazi (RAM). Chukua picha ya megapikseli 12, yaani 4,000 kwa 3,000. Android kwa kawaida huipa kila pikseli baiti 4. Zidisha: MB 48. Uwe umeibana hadi KB 900 au KB 400, ikifunguliwa nzima inakula MB 48 zilezile. Kumi za namna hiyo ni MB 480, karibu robo ya memori ya simu ya GB 2, na hapo mfumo wenyewe umeshajichukulia fungu lake. Memori ikibana, Android huanza kuzima programu zilizo nyuma. Unarudi kwenye fomu uliyokuwa unajaza, unaikuta tupu. Mwenye simu anaamini simu yake ni mbovu, kumbe kabebeshwa pikseli ambazo kioo chake chenye upana wa pikseli 720 hakina pa kuziweka. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi 720 kwa 540 inahitaji kama MB 1.6 tu.

Hapa ndipo JPEG inapoonyesha faida isiyosemwa sana. Huikata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande kina namba yake inayobeba wastani wa mwanga au rangi. Programu ikitaka kijipicha tu, huchukua wastani huo na kuziruka hesabu nyingi zilizobaki: 4,000 kwa 3,000 inatoka ikiwa 500 kwa 375, na MB 48 zinashuka hadi robo tatu ya MB moja.

AVIF imezaliwa na AV1, mbinu ya kubana video, na ufinyu wa faili lake unatokana na hesabu nzito zaidi. Simu nyingi za bei nafuu hazina chipu ya kuisaidia AV1, hivyo mzigo wote unaiangukia prosesa. Kioo cha kawaida hujichora mara 60 kwa sekunde, kila mchoro ukipewa milisekunde 16 na kidogo. Prosesa ikichelewa, unaona viboksi vitupu, au orodha inakwamakwama chini ya kidole.

Tena bando unalilipa mara moja, picha inaposhuka. Kazi ya kuifungua unailipa kila unapopandisha na kushusha orodha, kwa sababu simu yenye memori ndogo haiwezi kuzitunza picha zilizokwisha kufunguliwa. Inazitupa, kisha inaanza upya, na chaji inakwenda.

Kwa picha moja kubwa ya habari, inayofunguliwa mara moja na kusahaulika, AVIF inastahili, mradi seva imeshaipunguza kufikia upana wa kioo. Kwa orodha ndefu ya bidhaa ambayo mteja ataipitia kwenda na kurudi kwenye simu ya GB 2, ningechagua JPEG iliyopunguzwa vipimo, hata kama kila faili litazidi kwa kilobaiti kadhaa.