Albamu iliyokataa kubana pua

Kila inapotajwa albamu ya kwanza ya bendi ya rock ya Arctic Monkeys ya Uingereza, Whatever People Say I Am, That's What I'm Not, watu huanza na namba. Ilitoka Uingereza Januari 23, 2006, na ndani ya wiki moja nakala zaidi ya 360,000 zikawa zimenunuliwa. Hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza albamu yake ya kwanza kwa kasi hiyo nchini humo. Baadaye mwaka huohuo ikachukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya huko. Namba ni za kweli, ila naona zimeifunika albamu yenyewe, na miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba iliyoibeba ni lafudhi.

Wapo watakaosema iliyoibeba ni intaneti. Lakini tukumbuke mambo yalivyokwenda. Vijana wanne wa High Green, pembezoni mwa Sheffield, walikuwa wakirekodi nyimbo kwenye CD na kuzigawa bure kwenye shoo zao. CD zenyewe hazikutosha, mashabiki wakazinakili, wakapeana, wakazipandisha mtandaoni. Hata ukurasa wao uliosifiwa mno kwenye MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, ulifunguliwa na mashabiki. Albamu ilipotoka, ukumbi mzima ulikuwa ukiimba nao neno kwa neno. Watu hawakeshi wakinakili CD za vijana wasiojulikana kwa sababu tu kompyuta ipo. Walikuwa wamesikia mtaa wao ukitajwa, tena na mtu anayeongea kama wao.

Alex Turner, mwimbaji na mtunzi wa bendi, alikuwa ametimiza miaka 20 siku 17 tu kabla albamu haijatoka. Aliimba kwa Kiingereza cha Sheffield, mji uliokua kwa chuma na visu, kilekile kinachosikika kituo cha basi. Waimbaji wengi wa rock wa Uingereza walikuwa wamezoea kubana pua wafanane na Wamarekani, naye hilo lilimkera kiasi cha kulitungia wimbo, Fake Tales of San Francisco. Humo anaikabili bendi ya mtaani inayojifanya imetoka mbali na kuikumbusha kwamba kwao si New York, ni Rotherham. Rotherham ni mji jirani kabisa na Sheffield. Anayeimba hivyo anajua maneno hayo yatamchoma nani, na huenda atakutana naye kesho.

Mara ya kwanza sikushika hata nusu ya maneno. Ilibidi nikae na mashairi yameandikwa mbele yangu, masikioni nimeweka spika, narudia mstari mmoja mara tatu. Nilipofika Mardy Bum nikakutana na neno mardy, la watu wa Yorkshire, eneo lenye Sheffield, na majirani zao, na nikalitambua palepale, kwa sababu sisi tuna kununa. Jamaa amechelewa tena, anamkuta mpenzi wake kafunga uso, anajaribu kumbembeleza kwa kumkumbusha jinsi walivyokuwa wakikumbatiana jikoni. Wimbo mzima ni hapo. Hakuna moyo uliopasuka wala machozi ya mvua, kuna jiko na mtu aliyenuna. Ningekuwa nafundisha utunzi, ningeanza na wimbo huu.

Jicho hilohilo linaona baunsa mlangoni anayeamua nani aingie, dereva wa teksi anayebishana na abiria wanaotaka kujazana sita, na karandinga la polisi linalowafuata vijana usiku. Mtayarishaji Jim Abbiss aliwarekodi kijijini Lincolnshire, na aliwaacha wapige kwa pupa yao. Sikiliza ngoma za Matt Helders mwanzoni kabisa mwa albamu, zinavyoingia kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi zote mbili. Si kila kitu kinanigusa. Wimbo unaowajibu waliodhani bendi itashindwa naona ungeachwa nje, maana kwingine kote Turner anatazama watu na humo anajitazama mwenyewe.

Jina la albamu lilitoka kwenye riwaya ya Alan Sillitoe ya mwaka 1958, kinywani mwa kijana wa kiwandani Nottingham asiyekubali kuelezwa na watu wengine. Ukilijua hilo, wimbo wa mwisho, A Certain Romance, unakufungukia. Unaanza kwa hasira. Turner anawasema vijana wa kwao, mavazi yao, ugomvi wao, muziki ambao kwao umebaki kuwa mlio wa simu. Angeweza kuishia hapo, akapigiwa makofi na wote wanaowadharau vijana hao. Halafu anatazama upande wa pili wa ukumbi, anawaona rafiki zake mwenyewe wamo miongoni mwao. Wamevuka mpaka, anakiri, lakini hawezi kuwakasirikia vilevile.

Huwa nasimamisha kila ninachofanya ukifika hapo. Kuwapenda watu wako huku unayaona makosa yao ni jambo ambalo watunzi wengi hulifikia uzeeni, na huyu alilifikia kabla ya miaka 20, kwa maneno ya mtaani. Kisha maneno yanakwisha kabisa. Magitaa yanaendelea yenyewe kwa zaidi ya dakika moja, yakipanda juu, na hakuna anayeimba tena mpaka wimbo unapozimika.