Pasi ya Babu

"Hii ni karatasi ya kulima, si ya kumiliki." Ndivyo mama alivyoambiwa wiki jana na karani wa ofisi moja ya ardhi hapa Nairobi, akarudishiwa pasi ya shamba ya babu yake, yaani kibali cha kulima alichopewa enzi za ukoloni, hata haijakunjuliwa yote. Mama hakujibu. Alirudi nyumbani Makina, mtaa wetu wa Kibra, akaiweka tena kwenye mkebe wa biskuti, akafunika. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Karatasi yenyewe imekunjwa miaka mingi hadi mkunjo mmoja umekula herufi za katikati ya jina la babu. Namba ya jeshi bado inasomeka. Alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, miongoni mwa Wanubi, askari wenye asili ya Sudan, waliopewa makao Kibra, yaani Kibera ya leo, kuanzia 1904, wakati mahali pale palikuwa msitu. Kwa Kinubi jina lenyewe ni hilo hilo: msitu. Wakafyeka, wakalima, wakazika. Mwaka 1918 zikatangazwa ekari 4,197 kuwa hifadhi ya jeshi.

Sasa, hati ya kumiliki babu angeipata wapi? Sheria ya ardhi ya 1915 ilimpa mlowezi mkataba wa miaka 999. Babu, aliyebeba bunduki kwa ajili ya serikali hiyo hiyo, akapewa ruhusa ya kulima. Pasi haikuwa uzembe wake wala ujinga wake. Ndiyo karatasi pekee waliyokubali kumwandikia. Kumdai mjukuu wake leo hati ambayo babu alinyimwa ni kuendeleza dhuluma ile ile, safari hii kwa muhuri wetu wenyewe. Na hilo linaniuma kuliko alilofanya Mwingereza.

Jumamosi nilimwomba shangazi yake mama anitembeze. Ana miaka themanini na kitu, na anatembea polepole. Kutoka msikitini tuliteremka kuelekea mtaa wa Lindi, humo humo Kibra, yeye akitaja majina ya wenye mashamba pale ninapoona mabati tu: huyu alipanda miwa, huyu mahindi, huyu alifuga punda. Akasimama kwenye mti wa avokado uliobanwa kati ya nyumba mbili, kamba ya kuanikia nguo imefungwa shinani. Akaweka kiganja juu ya gome. "Hapa mpaka," akasema. "Baba aliupanda mwaka niliozaliwa."

Mama mmoja anayepanga pale alimtolea kigoda na maji. Nakiri, hata kama inaniwia vigumu: watoto wake wamezaliwa hapo, na simtaki mtu yeyote avunjiwe nyumba kwa ajili ya mti wetu. Waliobomolewa 2018 barabara ilipopita walitosha.

Hati ya ardhi ya jamii, tuliyopewa Wanubi mwaka 2017, tuliipokea kwa machozi, na bado nashukuru. Lakini ni ekari 288. Mitaa ya Ngei, Otiende, Ayany na Olympic imejengwa juu ya ekari nyingine zetu, na hakuna aliyeziuliza familia zile kama zilikuwa na chochote cha kuonyesha.

Zilikuwa nacho. Kimo kwenye mikebe, na kimo vichwani mwa wazee tunaowazika kila mwezi. Tusingoje tume. Mwenye nyanya aliye hai amchukue, watembee, aandike.

Mimi nimeanza. Shangazi alinitazama nikiandika kwenye daftari, akaniuliza kama nimeweka mti. Nikamwambia nimeuweka. Jumamosi ijayo, akijaliwa nguvu, tunamalizia upande wa mtoni.